Kondoo wa Maabara

Jumatatu, 12 Januari

Daftari hili nilipewa kwenye semina ya ubora wa maabara mwaka jana, na siku zote tatu za semina sikuandika humo hata neno moja. Leo naanza kwa sababu mvua imenizuia kazini na simu imeisha chaji. Likipotea, mwenyewe ni Cecilia wa maabara ya hospitali, chumba cha kuotesha vimelea.

Mvua ya Dodoma ikiamua kunyesha hainyeshi kwa adabu. Korongo la nyuma ya hospitali limejaa, na lile vumbi jekundu lililotutesa tangu mwezi wa sita limegeuka tope linalovua watu viatu. Mzee Lameck, mtunza bustani wetu, ndiye peke yake anayefurahi. Anasema majani yataota na wanawe watashiba. Wanawe ni kondoo wawili wa maabara, Katibu na Naibu. Majina amewapa yeye, anasema mji huu hauna uhaba wa vyeo.

Jumatano, 14 Januari

Leo ilikuwa zamu ya Naibu kutoa damu. Mzee Lameck alimbana katikati ya miguu yake, akawa anamsemesha Kigogo polepole, mimi nikanyoa manyoya ya shingoni, nikasafisha, nikaingiza sindano. Damu inaingia kwenye chupa yenye shanga za kioo, na Iddy anaitikisa dakika kumi bila kupumzika, mpaka zile nyuzi zinazogandisha damu zijisokote kwenye shanga. Kinachobaki ni damu safi isiyoganda, na hakuna dawa yoyote iliyotiwa. Tunaichanganya na chakula cha bakteria kikiwa cha uvuguvugu, tunamimina kwenye sahani, na hapo ndipo tunapopaka usaha, makohozi na kila wanachotuletea wodini. Bakteria akiota, damu inatusaidia kumjua. Wapo wanaoila na kuacha pete angavu kuzunguka makazi yao, na pete hiyo kwangu ni sawa na sura ya mtu.

Iddy nilisoma naye chuo. Ni mtu wa Kondoa, mpole, na mikono yake ni migumu kuliko ya fundi wa magari. Naibu alirudi bandani akala kama hakuna lililotokea.

Jumatatu, 19 Januari

Barua imekuja. Wakaguzi wa ithibati, wanaothibitisha ubora wa maabara, watafika tarehe 28 na 29. Mkuu wetu wa maabara, Bwana Elisante, ameisoma mara mbili amesimama.

Jumanne, 20 Januari

Tunapaka kuta rangi.

Alhamisi, 22 Januari

Bado tunapaka rangi. Vimelea vinaota vyenyewe.

Alhamisi, 29 Januari

Tumefaulu. Wakaguzi walikuwa watatu, watu wa maneno machache. Walifungua makabati, wakasoma madaftari, wakaenda mpaka bandani kuwaona Katibu na Naibu. Mmoja akaweka alama kwenye fomu yake: damu ya kondoo, chanzo cha uhakika. Bwana Elisante alikuwa anatembea nyuma yao ameshika mikono mgongoni, na walipomaliza macho yake yalikuwa na machozi. Nilimpenda siku ya leo, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Amepigania ithibati hii miaka minne. Kesho kuna chakula cha kuwaaga wageni.

Ijumaa, 30 Januari

Wamewala. Naandika tena ili nisome mwenyewe: wamewala kondoo wa maabara.

Nilichelewa kufika kwenye chakula kwa sababu nilikuwa na sahani za wodi ya watoto. Nikakuta pilau, kachumbari, na nyama ya kondoo imechomwa vizuri, mafuta yanatiririka. Nilikula vipande viwili. Nikaongeza cha tatu. Nikamsifu mpishi mbele za watu. Kisha nikamwona Mzee Lameck amekaa pembeni na sahani ya wali mtupu, nikamwamkia, nikamuuliza mbona hali nyama.

“Mwanangu,” alisema, “mimi Naibu siwezi kumla.”

Nilikimbilia bandani kama mwehu. Kulikuwa na kamba mbili na kinyesi cha asubuhi. Nikarudi kwa Bwana Elisante, ambaye alikuwa anawamiminia wageni juisi ya zabibu, nikamwita pembeni. Akanieleza bila wasiwasi wowote kwamba hela ya ng'ombe haikutoka kwa wakati, na wageni wa heshima hawawezi kuja Ugogo wakalishwa maharage. Kwa mgeni huchinjwa, ndiyo desturi. Kondoo wengine watanunuliwa kwa bajeti ya robo mwaka ijayo. Akaniomba nitabasamu kwa sababu tunapigwa picha.

Mkaguzi aliyeweka alama ya “chanzo cha uhakika” alikuwa anatafuna chanzo chenyewe mita tatu kutoka hapo. Sijui nicheke au nilie.

Jumatatu, 2 Februari

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Damu ya Naibu iliyokuwa kwenye friji imeisha leo asubuhi. Saa nne Bwana Elisante akaingia na kisanduku cha barafu. Ndani mlikuwa na mifuko mitatu ya damu ya watu, imetoka benki ya damu, muda wake wa kutumika umepita kwa siku chache. Ilikuwa inakwenda kuchomwa. Akasema tuitumie kwenye sahani mpaka bajeti itoke. Nilidhani anatania.

“Cecilia, damu ni damu,” alisema. “Bakteria hawajui kusoma lebo.”

“Bakteria hawasomi, mkuu. Lakini damu yenyewe inawajua.”

Nikamweleza kila kitu, ingawa anakijua kuliko mimi maana ndiye aliyenifundisha nilipokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mtu mzima ameshaumwa koo mara ngapi, ameshapata majipu mangapi. Kila alipopona, damu yake ilibaki na kingamwili dhidi ya wadudu hao. Ukiwaotesha ndani ya damu hiyo unawapandikiza katikati ya maadui zao. Wengine watakataa kuota. Wengine wataota wadogo, wamenyong'onyea, na sumu yao inayotengeneza ile pete itakuwa imezimwa, kwa hiyo utamtazama muuaji usimtambue. Pili, mfuko wa benki una dawa ya kuzuia damu isigande, nayo inawakera bakteria. Tatu, aliyetoa damu pengine alikuwa amemaliza dozi ya vidonge juzi, na masalia yamo. Nne, sisi wenyewe. Damu ya mtu hupimwa homa ya ini na Ukimwi, sawa, lakini hakuna kipimo kisichokosea, na mimi ndiye ninayeishika kwa lita. Kondoo hana Ukimwi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema niandike yote hayo kwenye memo, na wakati memo inashughulikiwa, nimimine sahani, kwa sababu wodini kuna wagonjwa na maabara yenye ithibati haiwezi kusema haina sahani.

Iddy alikuwa anasoma lebo za mifuko. Akasema taratibu kwamba yeye alitoa damu mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya wajawazito, na sasa hajui kama ni yeye mwenyewe anayemiminwa humu. Bwana Elisante akatazama saa yake, akatoka.

Nimemimina. Sahani sitini.

Jumatano, 4 Februari

Kanuni inataka sahani mpya zijaribiwe kwanza na bakteria tunaowajua. Tunatunza wawili, stafilokoka na streptokoka. Yule wa pili, mdekaji, anayedhurika upesi damu isipofaa, alikufa Krismasi umeme ulipokatika siku mbili na friji ya barafu ikayeyuka. Nimebaki na stafilokoka, ambaye huota hata juu ya kitasa cha mlango. Nimempanda kwenye sahani ya damu ya watu, ameota vizuri sana na pete juu.

Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja tu: sahani zimefaulu. Hakiulizi umejaribu na nani. Nimeweka alama ya vema.

Ijumaa, 6 Februari

Memo imepelekwa. Mvua.

Jumanne, 10 Februari

Mvua. Memo iko kwa katibu muhtasi, chini ya chupa ya chai.

Alhamisi, 12 Februari

Usaha wa mama aliyejifungua, kitanda cha nne, ana homa. Zimeota chembe ndogo za kijivu, hazina pete. Nimeandika vimelea vya kawaida vya mwilini. Dokta Anjelina wa wodi ya wazazi alipiga simu kuuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo, kisha nikakasirika na yeye kwa kuniuliza. Sijui kwa nini. Mama huyo ana nafuu, dawa alizoanzishwa mapema zimemsaidia.

Jumatano, 18 Februari

Kwaresima imeanza, na Ramadhani nayo ni leo au kesho, kutegemea mwandamo wa mwezi. Nusu ya maabara haili, nusu nyingine inajidai haili. Mzee Lameck bado anafagia banda tupu kila asubuhi. Nilimuuliza anafagia nini, akasema banda lisipofagiwa watu wataweka pikipiki.

Jumanne, 24 Februari

Leo dirishani alikuja mwanaume mmoja wa Bahi, Elieza, mrefu, amevaa mabuti ya mvua na shuka begani. Mke wake, Priska, alijifungua hapa Ijumaa, mtoto wa kike, na tangu Jumapili ana homa na tumbo linauma. Hapa kwetu ndugu ndio wanaobeba karatasi za majibu kurudi wodini, kwa hiyo nilimpa mkononi. Aliishika kwa mikono miwili. Hakuisoma, aliniangalia mimi.

“Imesemaje, dada?”

Nikamwambia hakuna kitu kibaya kilichoota. Akanishukuru, akaniombea baraka, mimi na wanangu. Sina watoto, lakini nilipokea.

Ni zile chembe ndogo za kijivu tena. Niligeuza sahani kwenye mwanga mara tatu kabla ya kusaini. Hazikuwa na pete. Nikasaini.

Alhamisi, 26 Februari

Priska ameruhusiwa. Dokta Anjelina aliona malaria kidogo kwenye kipimo, na kwa kuwa maabara yenye ithibati ilisema mji wa mimba ni safi, akasimamisha sindano za antibayotiki, akampa dawa ya malaria. Kitanda kilikuwa kinahitajika.

Jumapili, 1 Machi

Mvua tangu Ijumaa haijakata.

Jumanne, 3 Machi

Barabara ya Bahi imekatika. Basi limezama mpaka madirishani, abiria walitoka salama. Mashamba ya mpunga huko yatakuwa yanacheka. Bwana Elisante amebandika cheti cha muda cha ithibati mlangoni, ndani ya fremu.

Jumamosi, 7 Machi

Priska amerudishwa. Walimbeba kwenye machela ya miti kuvuka maji, kisha bodaboda, kisha gari la mchanga. Safari ya saa moja imechukua siku moja na nusu. Dokta Anjelina amenitumia chupa mbili za damu ya Priska za kuotesha, na kwenye fomu, badala ya kuandika alichokiona, ameandika neno moja: haraka.

Jumapili, 8 Machi

Amekufa alfajiri.

Leo ni Siku ya Wanawake. Wenzangu wote wamevaa vitenge vya sare wamekwenda kuandamana, na mimi zamu imeniangukia. Ngoma zilikuwa zinasikika mpaka chumba cha kuotesha. Kaulimbiu imeandikwa kwenye bango kubwa getini kwetu, inahusu haki na usawa, sikuisoma mpaka mwisho.

Nilifungua kabati la joto saa tano. Chupa za Priska zilikuwa zimechafuka tayari, chini ya siku moja. Nikachukua tone, nikalipaka rangi, nikaliweka kwenye hadubini. Minyororo. Mirefu, ya zambarau, imejaa uwanja mzima. Streptokoka. Mdudu wa akina mama waliojifungua, mdudu ambaye vitabu vinasema aliua wazazi wengi kabla watu hawajajifunza kunawa mikono, na ambaye mpaka leo anakufa kwa penisilini ya kawaida, dawa ya kale kuliko bibi yangu.

Nilimpigia Dokta Anjelina hapohapo. Nilimsikia akimwambia muuguzi kila mzazi mwenye homa aanzishiwe penisilini sasa hivi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ukali: “Ule usaha wa mwanzo, ulisema hakuna kitu?”

Nilisema ndiyo, nilisema hakuna kitu.

Jumanne, 10 Machi

Niliwapanda wale wadudu wa damu ya Priska kwenye sahani zetu, hizi za damu ya watu. Leo nimezitazama. Chembe ndogo, za kijivu, hazina pete. Zilezile.

Nikaenda kwa Mzee Lameck, nikamwambia nahitaji kondoo, si wa hospitali, wa mtu yeyote. Hakuuliza. Alining'iniza kofia yake kwenye reki, tukapanda bodaboda mbili mpaka kwake Mbabala, tope limetufika magotini. Ana kondoo jike mmoja mzee. Alimbana katikati ya miguu yake, akamsemesha, nikatoa damu mililita hamsini, tukaitikisa kwa kupokezana hapo uwanjani, jirani zake wakitushangaa. Jirani mmoja aliuliza kama ni uganga. Mzee Lameck akamjibu kwamba ni kinyume chake.

Saa kumi na moja nilikuwa nimemimina sahani sita, na nikapanda upande kwa upande.

Jumatano, 11 Machi

Naandika nikiwa kazini, saa mbili asubuhi, Iddy amesimama nyuma yangu.

Sahani ya kushoto, damu ya watu: chembe za kijivu, hazina pete, ukizitazama utasema wakazi wa kawaida wa mwilini. Sahani ya kulia, damu ya kondoo wa Mbabala: wadudu walewale, kutoka chupa ileile, mkono uleule umewapanda. Kila chembe imezungukwa na pete pana, angavu, unaweza kusoma gazeti ndani yake.

Iddy alizigeuza zote mbili kwenye mwanga. Akasema, “Hizo kingamwili ni zetu sisi. Tumemficha kwa damu zetu wenyewe.” Akatoka nje, na kwa kuwa amefunga hakuweza hata kunywa maji.

Nimefungua daftari la usajili nikatafuta majibu yote ya wodi ya wazazi tangu tarehe nne Februari. Yenye chembe ndogo za kijivu ni matano. Yote yana sahihi yangu. Wanne wako hai, namshukuru Mungu na namshukuru Dokta Anjelina aliyekuwa mkaidi, akikataa kusimamisha sindano mapema, isipokuwa mara moja alipotuamini.

Alhamisi, 12 Machi

Nilimpelekea Bwana Elisante sahani zote mbili mezani. Hakuzigusa. Alizitazama tu, na nikaona amezeeka ghafla, mabega yamelegea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Badala yake alinikaribisha kiti.

Alisema mama yake mwenyewe alifariki baada ya kumzaa mdogo wao, kijijini Iramba, na kwamba ndiyo sababu alisomea maabara. Alisema ithibati ikiondolewa, sampuli zitapelekwa Dar es Salaam na majibu yatarudi wiki mbili baadaye, na hapo watakufa wengi zaidi. Yote hayo ni kweli. Kisha akasukuma daftari la usajili upande wangu, akaniambia niandike pembeni mwa tarehe 24 Februari kwamba sahani ziliharibika kwa kukatika kwa umeme.

“Umeme haukukatika siku ile, mkuu.”

“Nani anakumbuka umeme wa Februari?”

Kilichoniudhi hakikuwa uongo. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa ameshafikiria mpaka kalamu ya rangi gani nitumie. Mtu aliyenifundisha kushika kitanzi cha kupandia vimelea, aliyekuwa akinichapa kwa maneno nikisahau kuandika saa. Nilimwambia nitaandika, ila nitaandika kilichotokea: kondoo waliliwa tarehe 30 Januari, damu ya watu ikaanza tarehe 2 Februari, jaribio lilifanywa na mdudu mmoja badala ya wawili, na aliyeweka alama ya vema ni mimi. Nikaandika hapohapo, mbele yake, kwa kalamu ya bluu. Sikumwacha nje na sikujiacha nje.

Aliniambia nimeiua maabara. Nikamwambia maabara haijafa, aliyekufa anaitwa Priska.

Ijumaa, 13 Machi

Wodi ya wazazi imefungwa siku tatu kusafishwa. Wahudumu wote wamepimwa koo, kwa sahani za damu ya Mbabala. Mmoja alikuwa amembeba mdudu bila kujua, ameanza dawa. Dokta Anjelina alikuja mwenyewe kuchukua majibu, akakaa kwenye stuli ya Iddy akayasoma moja moja.

Jumanne, 17 Machi

Mvua imepungua.

Ijumaa, 20 Machi

Leo ni Idi, na barua nimeletewa sikukuu hiihii, nikiwa nimeshika zamu ya Iddy. Barua ya kunitaka nijieleze, siku saba. Nilitegemea itahusu Priska. Nimeisoma mara tatu kumtafuta Priska humo na hayumo. Natuhumiwa kwa makosa mawili: kuingiza katika maeneo ya hospitali damu ya mnyama asiyesajiliwa, na kutoka kazini saa za kazi kwenda Mbabala bila ruhusa ya maandishi.

Mnyama asiyesajiliwa! Waliosajiliwa si mliwala? Mkawala na pilau, mkapiga picha, na mmoja wenu akarudi kuomba mbavu za kubeba. Hakuna aliyeandikiwa barua kwa Katibu na Naibu. Hakuna aliyeulizwa kibali cha kumimina damu ambayo watu walilala kitandani wakaitoa kwa ajili ya mama anayevuja, ikamwagwa kwenye sahani ikamficha mdudu aliyemuua mama. Hilo halina kifungu. Kwenda Mbabala lina kifungu.

Nimevunja kalamu moja. Natumia ya jirani.

Jumatatu, 23 Machi

Nimejibu. Ukurasa mmoja. Nimeambatisha picha ya sahani mbili, kushoto na kulia, na nakala nimeituma kwa wale wakaguzi watatu. Mzee Lameck naye amepewa barua. Hajui kusoma vizuri, ameniomba nimsomee, nikamsomea, akaikunja akaitia mfukoni akasema itamsaidia kuwashia moto.

Jumatano, 25 Machi

Wakaguzi wamejibu. Ithibati imesimamishwa, haijafutwa. Sharti la kwanza kati ya manane: kondoo. Bajeti ya robo imepatikana ndani ya saa tatu.

Bwana Elisante amepewa likizo. Alikuja kuchukua koti lake, akasimama mlangoni mwa chumba changu bila kuingia. Akasema damu ya watu haikupaswa kutumika hata kama yeye angekuwa ameagizwa na waziri, na kwamba alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilidhani nitafurahi akiondoka na sikufurahi, nilikuwa nimechoka tu, na bado nina hasira naye.

Jumamosi, 28 Machi

Jambo moja lilikuwa limebaki, na hakuna barua iliyoniagiza kulifanya.

Nilipanda basi la kwanza. Barabara imefunguliwa lakini upande mmoja, na maji yamesimama kotekote, watoto wanavua kambale kwa vyandarua palipokuwa na mashamba ya mtama. Bodaboda alinifikisha mpaka kwa Elieza. Aliponiona alidhani nimeleta karatasi nyingine, akanyoosha mikono miwili. Mama yake alikuwa kivulini anamnywesha mjukuu maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nilimwamkia bibi, nikaletewa kigoda.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Dodoma, yote yakanipotea. Nikamwambia majibu niliyompa siku ile dirishani hayakuwa ya kweli. Mdudu alikuwemo. Nilimwona kwa macho yangu sikumtambua, kwa sababu chakula tulichompa hakikuwa sahihi. Kinatakiwa kutiwa damu ya kondoo, sisi tulitia damu ya watu, na damu ya watu inamfunika. Kama ningemtambua, mkewe angepewa penisilini siku ileile, na angekuwa hapa.

Alisikiliza huku anatazama chini. Bibi aliacha kunywesha.

“Wewe ulijua hiyo damu si yenyewe?” aliuliza.

“Nilijua.”

“Na ukaweka sahihi.”

“Niliweka.”

Nilingoja anifukuze, na nadhani ningeona ni afadhali. Mtoto akalia, bibi akamweka begani. Kisha Elieza akauliza kwa nini hatukutia hiyo ya kondoo. Nikamwambia kondoo wetu walikuwa wawili na waliliwa na wageni. Akauliza inatakiwa damu kiasi gani. Nikamwambia kikombe kimoja kinatosha sahani za wiki nzima, na kondoo hafi, anarudi kula majani.

Akanyanyuka, akaniashiria nimfuate nyuma ya nyumba. Kulikuwa na zizi la miiba, na ndani yake kondoo wamejaa, weupe na wa madoa, wamesimama kwenye tope, huenda arobaini. Aliweka mkono juu ya mti wa lango, hakulifungua.

“Siku ile nilikuwa nimesimama pale dirishani,” alisema. “Mngeniambia tu.”